Dada Ameitwa

Neno lenyewe ni fupi na halina meno: ameitwa. Mwalimu akikutaka ofisini, umeitwa. Mama akitaka chumvi, unaitwa. Mtu akiomba kazi mahali, wakamjibu aje wamtazame sura, anawaambia wenzake "nimeitwa" na nyumba nzima inapumua. Hakuna aliyewahi kuumizwa na neno hilo. Lakini hapa kwetu Sumbawanga, ukisimama katikati ya Wakatoliki jioni ya jumuiya ukasema binti yako ameitwa, halafu usimtaje aliyemwita, utakuwa umejitafutia mwenyewe. Mama alisimama, akasema, akakaa. Mimi nilikuwepo, nimekalia kiroba cha maharage karibu na mlango, na yaliyofuata yananikera mpaka leo. Maana mtu pekee aliyeelewa kinachotokea nilikuwa mimi, na mimi ndiye mtu pekee kwenye mtaa ule ambaye hakuna anayemwamini.

Ngoja nimtambulishe dada kwanza. Alisomea kilimo chuo kikuu, akarudi nyumbani, mtaa wetu wa Malangali, na kofia ya mahafali ambayo mama ameitundika ukutani, chini kidogo ya Bikira Maria, kwa heshima. Tangu arudi anafundisha kwa kujitolea kwenye shule ya kata akisubiri ajira. Kujitolea ni kazi ileile ya ualimu, ila chaki unapewa na mshahara unaombewa. Mimi niko kidato cha tatu shule hiyohiyo, kwa hiyo nyumbani namwita dada na darasani namwita madamu, na adhabu zake hazijui tofauti. Utani hana hata chembe. Nadhani siku Mungu anagawa utani kwenye familia yetu yeye alikuwa anajisomea, mimi nikachukua na fungu lake.

Kitu kimoja tu kinaweza kumfanya atabasamu peke yake: udongo. Sisi Wafipa tangu enzi za mababu tunalima kwa intumba. Unakata nyasi, unazifunika kwa udongo mpaka ziwe kichuguu cha mviringo, unaziacha zioze humo ndani, msimu ukifika unakitawanya kichuguu na kupanda ulezi au mahindi. Ukienda Kate kwa bibi unaviona vimejaa mlimani kama maandazi kwenye sinia. Mimi naona maandazi. Dada anaona shahada ya uzamili.

Ndipo akaanza kuomba ufadhili wa kusoma ng'ambo, ule wanaowapa wanafunzi kutoka nchi zinazoendelea. Jioni moja alinipa simu nimsomee masharti huku yeye akisonga ugali na mama akichambua dagaa.

"Muombaji awe raia wa nchi inayoendelea," nikasoma.

"Inaendelea na nini?" mama akauliza.

"Inaendelea tu, mama."

"Kama mgonjwa." Mama alitikisa kichwa kwa huruma. "Maana mwenye afya haulizwi anaendeleaje."

Dada akasema tusimchanganye. Mimi nikaendelea, kama nchi yangu. Masharti yale sijui yaliandikwa na nani, lakini huyo mtu hajawahi kuishi na jamaa zangu. Walitaka dada athibitishe kwamba anajua Kiingereza. Dada huyu aliyesoma kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza, akamaliza chuo kwa Kiingereza, na sasa anafundisha kwa Kiingereza watoto wanaomjibu kwa Kiswahili na kunong'onezana kwa Kifipa. Akasafiri mpaka Mbeya kufanya mtihani wa lugha aliyokuwa akiitumia kutufokea. Walitaka profesa amwandikie sifa zake, na profesa wake akawa anajibu ujumbe mara moja kwa kila mwezi mwandamo. Walitaka aeleze siku aliyoonyesha uongozi. Nikamshauri aandike jinsi anavyotuongoza mimi na mama, akanitazama nikarudi kwenye masharti.

Halafu wakataka barua ya kueleza nia yake. Mama aliposikia nia, hakuuliza mara mbili. Jumapili iliyofuata alikuwa ameshaipeleka parokiani, na paroko akaisoma misa ya kwanza: kwa nia ya binti anayeomba mambo yake ya udongo yafanikiwe. Nusu ya kanisa walidhani tuna kesi ya kiwanja. Jirani yetu mmoja alituvizia mlangoni akatuambia tusikubali, baraza la ardhi lina rufaa.

Mimi mwenyewe nilishaanza kuchoka na ufadhili huo, na sikuwa ndiye ninayeuomba.

Siku majibu yalipokuja, dada alikuwa anafua. Aliisoma imeili akiwa amesimama, povu likimdondoka kiwikoni, akairudia, akaingia jikoni akamwambia mama kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mama, nimeitwa."

Maana yake: amechaguliwa kwenye kundi dogo watakaofanyiwa usaili kwa video. Wakimpenda, anakwenda. Wasipompenda, anabaki na chaki. Hilo ndilo lilikuwa jambo zima. Dada alikuwa ameshatuma maombi mengi kama hayo mpaka tukaacha kumuuliza, na ufadhili huu ndio uliokuwa wa kwanza kumfikisha hapo. Aliniambia, "Nikikosa huu siombi tena." Sikumtania; nikachukua beseni nikamalizia kufua.

Sasa jumuiya. Wiki ile ilikuwa inasali kwa jirani. Mwenyekiti wetu ni mzee mmoja, katekista mstaafu, mwenye sauti ya kupasua mbao na masikio yanayosikia yale tu anayoyapenda. Baada ya sala alituuliza kama kuna mwenye shida au furaha. Mama akasimama. Dada hakuwepo, alikuwa nyumbani anasahihisha madaftari.

"Tumsifu Yesu Kristo," mama akaanza.

"Milele amina."

"Ndugu zangu, naomba mniombee. Binti yangu mkubwa ameitwa."

Shingo zote zikamgeukia mama. Mtoto alikuwa analia, naye akanyamaza.

"Ameitwa?" mzee mwenyekiti akauliza polepole.

"Ameitwa, mzee. Tumesubiri muda mrefu."

"Na mwenyewe ameridhia?"

"Angekataaje? Ndicho alichokuwa akikiomba usiku na mchana."

"Na malezi yake yatakuwa wapi?"

Hapo mama alipaswa kushtuka. Nani, kama si watawa, anauliza malezi ya mtu mwenye digrii? Lakini mama alikuwa kwenye raha yake. "Ulaya, mzee, wakimpokea. Kuna kuhojiwa kwanza, Jumamosi ijayo alasiri. Wanataka kujua kama nia yake ni ya kweli."

"Ni lazima," mzee akasema. "Wasipohoji watajaza watu wa kujaribujaribu."

Vigelegele vikapigwa mpaka mabati yakajibu. Hapa kwetu tunawajua wanaotoka Sumbawanga kwenda Ulaya, na wengi tuliowaona wakienda walikuwa na shela kichwani. Jirani, mama mmoja mnene anayeuza mboga za chainizi sokoni, akaanza kulia. "Nilijua mimi," akasema. "Msichana mkubwa vile, hana hata kijana wa kumbebea kikapu. Kumbe Bwana mwenyewe alikuwa amejiwekea."

Mama akawa anafuta machozi naye. Alidhani wanalia kwa ajili ya shahada ya uzamili.

Nikasimama juu ya kiroba. "Samahani jamani. Dada hajaitwa utawani. Ameitwa kwenye usaili. Anakwenda kusoma."

"Wote huanza kwa kusoma," mzee mwenyekiti akasema.

"Anakwenda kusomea udongo."

Wakaangua kicheko. Walicheka kwa upendo, ndiyo maana iliniuma zaidi. "Mtoto huyu," jirani akasema, akijipangusa. "Hata siku kama ya leo." Niseme ukweli, wana sababu zao. Kwenye mafundisho ya kipaimara niliwahi kumuuliza huyuhuyu mzee kama toharani wanagawa namba kama hospitali. Lakini kuuliza na kudanganya ni vitu viwili. Mama alinivuta sketi nikakaa, akaninong'oneza, "Usiniharibie." Hata yeye hakusikiliza nilichosema.

Nikaenda kwa dada. Nikamkuta na kalamu nyekundu.

"Dada, jumuiya imekupeleka utawani."

"Acha utani, nina madaftari hapa."

"Sikutanii. Wamekupigia vigelegele."

"Nimesema acha."

Unaona sasa. Nikaamua shauri yao.

Kuanzia kesho yake ulimwengu ukabadilika, na dada hakujua kwa nini. Darasani kwetu, ambako akigeuka ubaoni huwa tunarusha maganda ya miwa, watu wakakaa kama sanamu. Sokoni mama wa chainizi alimjazia kikapu akakataa kulipwa, akamwambia, "Utanikumbuka kwenye sala zako." Dada akanijia nyumbani na furaha: watu wa mtaa huu wanathamini elimu kweli. Nikamsaidia kutua kikapu. Habari ikafika Laela, ambako baba alikuwa na mahindi yake akiwasubiri wanunuzi, naye akapiga simu kuuliza kama ni kweli na kama hilo shirika linamruhusu mtu kuja kuzika wazazi wake. Mama akamjibu, "Likizo ipo." Ikafika mpaka Kate kwa bibi.

Aliyemfumbua macho dada ni shemeji. Namwita shemeji kumkera dada; ni kijana kutoka Mbeya, mtumishi wa ofisi moja ya serikali hapa mjini, mlokole mpole, ambaye alikuwa na tabia ya kupita nyumbani kwetu kuuliza njia ya kwenda mahali anapopajua. Ofisini kwao kuna mtandao usioyumba, naye ndiye aliyekuwa ameahidi kumfungulia dada Jumamosi afanye usaili wake pale kwa utulivu. Alhamisi akaja na uso wa msibani.

"Shikamoo mama. Samahani, nimekuja kwa jambo la Jumamosi." Akamgeukia dada, macho chini. "Sista, itakuwa ngumu."

"Sista nani?" dada akauliza.

"Ofisi itakuwa tupu. Mimi na wewe tujifungie ndani, na wewe umeshaitwa... Watu watasema nini? Mimi siwezi kushindana na Mungu, Sista. Ningejua mapema hata hiyo njia nisingekuwa nauliza."

Akaondoka bila kubadilisha mawazo, maana kila dada alivyozidi kumwambia kwamba si mtawa, ndivyo alivyozidi kuinamisha kichwa. Alikuwa ameshasikia kwamba watawa wa kweli huwa hawajisifu.

Dada akakaa kwenye kigoda. "Mama, uliwaambia nini?"

"Niliwaambia umeitwa. Kwani hukuitwa?"

Nikacheka, nikarushiwa kandambili.

"Kawaambie ukweli," dada akasema. "Leo hii. Unaelewa nikikosa huu usaili itakuwaje? Mtaa mzima utasema nimefukuzwa utawani. Nitakuwa nimefukuzwa mahali ambapo sijaingia. Nitafundishaje pale shuleni?"

Mama akajifunga kitenge akaenda kwa mzee mwenyekiti. Alikaa huko muda wa kupika maharage. Akarudi na nusu debe la ulezi.

"Umewaambia?"

"Nilifika nikakuta wanachanga," mama akasema, akiliweka debe chini. "Wale wajane wawili nao wamechanga. Mdomo ukanikauka." Halafu akajikaza. "Na kwani wakikuombea kwa sababu ambayo siyo, Mungu hajui kuipanga?"

Dada aliingia chumbani akafunga mlango.

Basi usaili ukaja kufanyikia kwetu sebuleni. Nyumba yetu mtandao unaishi sehemu moja tu, kwenye kona ya dirisha la uani, na hata pale unakaa kama mgeni aliyeshika begi. Nikaitundika simu yangu kwenye msumari wa dirisha iigawie laptopu mtandao, dirisha likiwa wazi, upepo wa mwezi wa saba ukituingilia mpaka kwenye uti wa mgongo. Dada akakaa na laptopu aliyoazima, uani mgongoni kwake, blauzi yake ya mahafali juu na kitenge na soksi za baba chini, kwa kuwa wazungu wasingeona chini. Mama alipewa kazi ya kukaa jikoni bila kufanya lolote. Mimi nilipewa ulinzi wa uani: asiingie mtu, asiingie mbuzi, asiimbe mtoto.

Wakatokea kwenye kioo. Mama mmoja wa kizungu mwenye miwani, na wanaume wawili, mmoja akinywa kitu kwenye kikombe kikubwa. Wakaanza. Nilisikia yote pale dirishani. Dada alikuwa amekariri. Waliuliza kuhusu utafiti, akatiririsha kama mwanafunzi anayemkariria shairi mgeni rasmi. Kilimo himilivu, uendelevu, jamii za vijijini, uwezeshaji. Intumba aliitaja mara moja kama mtu anayetaja ugonjwa wa ukoo. Yule wa kikombe akapiga mwayo wa kufunga mdomo. Nilitamani niingize kichwa dirishani niwaambie, huyu siye, subirini, mwenyewe anakuja.

Ndipo nikasikia wimbo unakuja barabarani.

Ni mama aliyewatajia siku na saa, mnakumbuka. Jumuiya nzima: mzee mwenyekiti mbele na msalaba, jirani na kikapu, wajane, kina mama wenye mashuka meupe yaliyokunjwa vizuri kwa ajili ya mtawa mtarajiwa. Na nyuma yao bibi yangu, aliyeteremka basi la Kate asubuhi ile bila kumwambia mtu, kuku kwapani.

Nikakimbia getini nikatanua mikono. "Tumsifu Yesu Kristo. Shikamooni. Msiingie."

"Milele amina. Marahaba. Tupishe, mjukuu wangu," mzee akasema.

"Mzee, nakuomba. Dada yuko ndani anazungumza na wazungu kwenye kompyuta. Ni usaili wa chuo. Mkiimba tu, ameukosa."

Wakatazamana wakitabasamu. "Wazungu kwenye kompyuta," jirani akasema. "Leo umekuja na hiyo."

"Haki ya Mungu."

"Usimtaje Mungu kwenye michezo," mzee akanionya, akasogeza mkono wangu kama mtu anayesogeza pazia. Mwimbishaji alishavuta pumzi. Niliona koo lake likipanda. Nikawaza, ukweli nimewaambia jumuiya, nimemwambia dada, nimewaambia hapa kwa kuapa, na ukweli hauna nauli kwenye mtaa huu.

"Yuko kwenye mafungo," nikasema.

Mzee akasimama. "Mafungo?"

"Mafungo ya kimya. Wamempa leo, kabla ya kumhoji. Haruhusiwi kusikia sauti ya mtu. Hata mama amekaa jikoni hasemi. Ingieni mumwone."

Huyo mwimbishaji alimeza wimbo wake. Mzee akavua kofia, akawageukia watu wake, akaweka kidole mdomoni. Wakaingia uani kwa vidole vya miguu, watu wazima wale, wakapita katikati ya matuta ya chainizi, wakapiga magoti kwenye udongo mkavu wakiitazama nyumba. Rozari ikaanza kwa midomo tu. Hakuna aliyeniuliza swali hata moja. Nilikaribia kulia kwa hasira: uongo wangu wa kwanza kwenye shauri lote hili, na umepokelewa kama Injili.

Kuku ndiye pekee asiyekuwa Mkatoliki. Alilia mara moja, bibi akamfunika kichwa kwa kitenge.

Dirishani nikamsikia yule mama wa miwani akikatisha swali lake. Kwa Kiingereza cha taratibu akamuuliza dada, "Samahani, hao watu nyuma yako, wako salama?"

Dada akageuka. Sura ile siwezi kuiandika. Aliiona jumuiya nzima imepiga magoti uani kwetu, msalaba, mashuka meupe, bibi, kitenge kinachotikisika. Aliniona na mimi. Nikainua mabega.

Akawarudia.

"Ni majirani zangu," akasema. "Wanasali."

"Wanaombea usaili wako? Inapendeza sana."

"Hapana." Nilisikia dada akihema. "Wanadhani nakwenda kuwa mtawa."

Halafu akawaeleza. Yote: neno lenyewe, mama, kandambili akaiacha, shemeji akamtia. Kiingereza alichokariri kilikuwa kimeisha, akawa anatumia kile anachotufokea, ambacho ndicho kizuri. Kicheko kikatoka kwenye laptopu, cha watu watatu, kikavuka dirisha mpaka uani.

Mzee mwenyekiti akafumbua jicho moja. "Mafungo gani haya yenye vicheko?" akaninong'oneza.

"Furaha ya Roho, mzee."

Akafumba.

"Swali letu la mwisho huwa ni hili," yule wa kikombe akasema. "Ukimaliza masomo, utarudi kwenu?"

Kwa swali hilo dada alikuwa na aya nzima, naijua, nilimshikia karatasi akiikariri. Ilikuwa na neno mustakabali. Hakuitoa. "Nisiporudi," akasema, "hao unaowaona watakuja kunichukua. Na watakuja wakiimba."

Dada yangu, huyo. Ametania. Tena mbele ya wageni.

Akaongeza kwamba hata bibi yake yumo; wakamuuliza ni yupi, akawaonyesha mwenye kuku. Hapo ndipo dada mwenyewe alipokuja. Akawaambia kuhusu shamba la bibi kule Kate, jinsi bibi alivyokuwa anamtuma yeye akiwa mdogo aingize mkono ndani ya intumba asikie joto la majani yanayooza, na jinsi alivyotaka tangu siku hiyo kujua kinachofanyika humo gizani ambacho mbolea ya dukani haikifanyi. Walimuuliza, akawauliza. Yule wa kikombe alikuwa ameshakiweka chini. Muda wao ulipita, na bando langu likakata roho wakati wanaagana, kwa hiyo hatukujua walisema kwaheri gani.

Dada alipotoka uani, jumuiya ikasimama ikiwa na magoti mekundu. Mzee akamshika kichwa akambariki. Dada aliangalia mashuka yale meupe, akamwangalia jirani aliyekuwa analia tena. "Asanteni," akasema. Mama akachungulia jikoni kuuliza kama sasa anaweza kukohoa.

Wiki zikapita dada akiishika simu kama yai. Majibu yalikuja tukiwa shuleni, wakati wa mapumziko. Alitokea mlango wa ofisi ya walimu, akanitafuta kwa macho kwenye uwanja mzima, akatikisa kichwa mara moja kwenda chini. Nikapiga kigelegele peke yangu katikati ya watu wanaokula mihogo, nikaadhibiwa na mwalimu wa zamu.

Safari hii dada alisema hatatuma mtu. Jioni ya jumuiya alisimama mwenyewe, akachagua maneno yake moja moja kama anayechambua mchele wenye mawe. Hakusema ameitwa. Hakusema nia. Alisema, "Mzee mwenyekiti, wazazi wangu, mimi siendi kuwa mtawa. Sikuwahi kwenda. Nimepata ufadhili, nakwenda kusomea udongo, halafu narudi."

Walimsikiliza kwa adabu zote. Mzee akatazama mikono yake.

"Udongo," akasema.

"Ndiyo, mzee. Udongo."

"Mtu aachane na dunia yote, aende mbali, akautafakari udongo." Akafanya ishara ya msalaba. "Sisi hukumbuka Jumatano ya Majivu tu kwamba tu mavumbi. Kweli huyu ameitwa."

Dada alikaa chini. Nilimwona akiniangalia ng'ambo ya chumba, na kwa mara ya kwanza kwenye maisha yetu tulicheka kitu kimoja kwa wakati mmoja, tukijifunika nyuso na vitabu vya nyimbo.

Alipanda basi alfajiri na mashuka yote meupe kwenye begi, maana kuyaacha kungekuwa matusi. Begi lilibebwa na shemeji, aliyekuwa hatimaye amekubali kuamini, ingawa stendi alimwita Sista tena akajipiga kofi mdomoni. Laela basi liliposimama baba alikuwa anasubiri, wakashikana mikono dirishani mpaka kondakta akagonga bodi.

Juzi ametutumia picha. Yuko maabara, ameshika kibakuli cha udongo mweusi, anatabasamu peke yake kama anavyofanya. Amevaa lile koti jeupe refu la watu wa maabara, na kwa sababu ya baridi amejifunga shuka la jumuiya kichwani. Mama hakuweza kujizuia. Akaipeleka jumuiyani, kwa jirani tena.

Simu ilizunguka mkono kwa mkono. Mzee mwenyekiti aliisogeza karibu na taa, akaisogeza mbali, akaniita nikae karibu yake. Tangu yale mafungo, mimi sasa ndiye shahidi mwaminifu wa jumuiya. Ninaulizwa mambo.

"Hili jeupe," akasema. "Ndilo vazi lao?"

Nilikuwa na nafasi ya kuueleza ukweli mara ya mwisho. Niliupima. Nikaona nimeshautembeza vya kutosha.

"Ndiyo, mzee. Huko wote wanavaa hilo."

"Jeupe. Basi bado mnovisi, hajaweka nadhiri." Akarudisha simu kwa heshima, halafu akanitazama kwa jicho ambalo sikulipenda, lile alilokuwa akimtazamia dada. Jirani naye akageuka. Wote wakageuka. "Na wewe binti," akasema, "hujawahi kusikia sauti ikikuita?"

"Naisikia kila siku," nikamwambia. "Hata sasa."

Na ilikuwa kweli. Mama alikuwa anapaza sauti kutoka uani kwa jirani, kuna masufuria ya chai ya kuosha, na kama sijafika pale kabla hajamaliza kusema nitamjua.